Tuachiwe Buku za Upelelezi Saa ya Kufuma



Nimeomba nafasi katika gazeti letu juu ya neno moja ambalo wengi wanalisema chinichini tangu mwanzo wa muhula huu. Neno lenyewe ni ile desturi ya kusoma buku za upelelezi kila Jumamosi katika chumba cha mishono, wakati wasichana wanafuma. Wengine wanataka ikomeshwe. Bwana Prefe amesema atasikiliza pande zote, kisha ataamua mbele ya likizo. Basi mimi ninatoa maoni yangu waziwazi: isikomeshwe. Na tena ninaomba kitu kimoja zaidi, nitakisema huko chini.

Ninajua kuna watakaocheka. Kapita wa wanafunzi, kijana wa mwaka wa mwisho, anayengojewa na mtihani wa Serikali, anaandika habari ya trikoti! Mcheke, lakini msome mpaka mwisho.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajui: kila Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, wasichana zaidi ya kumi wanakaa na Mama mwalimu wa mishono. Wanafuma trikoti na kofia za watoto wachanga, juu kwetu hapa milimani ya Kivu baridi ya asubuhi haichezi na mtoto. Trikoti zinauzwa, na kila mmoja anapata fungu lake. Kuko wenzetu ambao minervali yao inatoka katika zile sindano mbili, si kwingine. Kwa hiyo mtu asiseme ni mchezo wa wasichana.

Sasa, kufuma ni kazi ya mikono na macho kidogo. Masikio hayana kazi. Zamani masikio yalikuwa yanapewa masengenyo: fulani alipewa barua na fulani, mwalimu fulani kavaa nini. Mama mwalimu alichoka. Siku moja alileta buku bila jalada, pembe zake zimeliwa na panya, ambalo ndugu yake alimletea kutoka Kigoma, akamwambia msichana mmoja aweke sindano chini asome kwa sauti. Buku hilo lilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, la Muhammed Said Abdulla wa Unguja, lililotoka mwaka 1960. Ndani yake kuna mpelelezi anayeitwa Bwana Msa, mzee wa kuvuta kiko, asiye askari wala mwenye bunduki. Silaha yake ni akili na maswali. Toka siku ile masengenyo yaliisha chumbani mule, na Jumamosi hakuna tena aliyesema anaumwa kichwa.

Kwa nini upelelezi na si kitu kingine? Nimekaa nao, nimeona mwenyewe. Buku la mafundisho tu ukilisikiliza huku unafuma, usingizi unakuja, vitanzi vinaanguka. Buku la mapenzi linafanya watu wacheke na kutazamana. Lakini buku la upelelezi linashika sikio, maana kila neno laweza kuwa dalili. Mlango ulifungwa saa ngapi? Nani alisema hakujua kuandika, kisha akaandika? Mkono unakwenda wenyewe, sikio linakesha. Tena mtu anayefuma anajua tabia ya uzi: ukikosea kitanzi kimoja katika mstari wa tano, utakiona kosa lako katika mstari wa thelathini, na itakubidi kufumua kurudi nyuma mpaka pale. Mpelelezi naye anafanya vilevile.

Wala si sisi tuliolibuni jambo hili. Bibi Agatha Christie wa Uingereza alifikiri hivyohivyo alipomleta Miss Marple katika hadithi fupi mwaka 1927, kisha katika riwaya nzima mwaka 1930. Miss Marple ni mwanamke mzee wa kijiji, amekaa pembeni na sufu yake, watu wanaongea mbele yake bila woga kwa sababu wanamwona ni bibi tu anayefuma. Kumbe yeye anasikia yote! Na huko Havana, Kuba, tangu mwaka 1865 wafanyakazi wa kusokota sigara walikuwa na msomaji wao, aliyekaa juu ya kiti kirefu akiwasomea magazeti na riwaya wakati mikono yao inasokota majani. Wafanyakazi wenyewe ndio walimlipa kutoka mshahara wao. Mtu hatoi pesa yake kwa kitu kisicho na faida.

Si kila kufuma kunapatana na kila buku, hilo nalo niseme. Kipande cha mgongo, mistari ya kwenda na kurudi bila kubadili, ndicho kizuri kwa sura ngumu yenye majina mengi. Lakini ukifika kupunguza vitanzi vya kwapa, au kugeuza kisigino cha soksi, ni lazima kuhesabu, na huwezi kuhesabu vitanzi na dalili pamoja. Hapo utasikia mtu anapiga kelele: "Simama kwanza, niko nahesabu!" Na desturi ya shetani ni kwamba anasimamisha wakati uleule mpelelezi anataka kutaja jina. Wote wanamkasirikia. Juu ya hiyo walifanya sheria yao: wenye kazi ya kuhesabu wanakaa karibu na mlango, wanatoka nje kidogo, wakirudi wanasimuliwa kwa maneno mawili. Kwa Kifaransa wanapenda Simenon, yule wa Liège, na komisari wake Maigret aliyeanza mwaka 1931, sababu buku zake ni fupi na watu si wengi. Jumamosi tatu au nne linakwisha.

Sasa nije kwa wanaopinga. Wanasema: hizi ni buku za mauaji, na shule yetu ni ya Kikristo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo katika mkutano wa makapita, mwezi wa pili. Nilisema kwa nguvu, wenzangu wakapiga mikono. Basi leo ninajijibu mwenyewe. Kwanza, mauaji ya kwanza sisi wote tuliyasoma katika Mwanzo sura ya 4, na hakuna aliyetuficha ukurasa ule. Pili, buku la upelelezi halimsifu muuaji. Mtu ameuawa, na buku zima ni kazi ya kukataa kwamba jambo hili lipite hivihivi.

Na kuko jambo moja ambalo nilikuwa silijui, nililionyeshwa na mwalimu wetu wa historia. Arthur Conan Doyle, yule aliyemwumba Sherlock Holmes, aliandika buku juu ya nchi yetu. Lilitoka mwaka 1909 na jina lake kwa Kifaransa ni Le Crime du Congo. Humo Holmes hayumo. Yamo mambo yaliyotendwa kweli katika wakati wa Leopold wa Pili: watu kulazimishwa kuleta mpira wa porini, kupigwa, kukatwa mikono. Na ushahidi ulitoka kwa nani? Sehemu kubwa ulitoka kwa wamisionari wa Kiprotestanti, waliokaa vijijini na kuandika walichokiona. William Sheppard, Mmarekani mweusi wa misioni ya Luebo kule Kasai, mwaka 1899 hakuandika "wamekatwa mikono mingi". Alihesabu, akaandika: 81. Alice Harris alipiga picha. Baadaye kampuni ya mpira ilimshtaki Sheppard kwamba ameichafulia jina, akahukumiwa Léopoldville mwaka uleule wa 1909, akashinda. Kuhesabu, kuandika, kupiga picha, kumwuliza aliyeona: hii ni kazi ya upelelezi, na babu zetu katika imani waliifanya. Anayesema kazi hii haifai shule ya Kiprotestanti, ajibu hapo.

Lakini si historia iliyonigeuza. Iliyonigeuza ni aibu yangu mwenyewe, na ninaomba ruhusa niisimulie, maana wengi mnajua nusu yake tu.

Mwezi wa tatu, katika kabati la mishono, madonge mawili ya sufu ya bluu yalikosekana. Yalikuwa 20 yalipoletwa. Kaye ya kabati ilionyesha kwamba 10 yametolewa kwa kufuma trikoti tano, madonge mawili kila moja. Basi yalipaswa kubaki 10. Mimi na kapita mwenzangu tulihesabu: 8. Tukahesabu tena: 8. Ufunguo ulikuwa kwa msichana mmoja wa mwaka wa nne, nami sitamtaja jina, limetajwa vya kutosha. Nilimwita. Alianza kusema: "Kapita, ile siku ya Alhamisi…" Nikamkatiza. Nilimwambia Alhamisi si dawa ya wizi. Nikaandika jina lake katika kaye ya makosa, na neno "wizi" pembeni yake, kwa wino mwekundu. Alinyang'anywa ufunguo, akapewa Jumamosi mbili za kulima shamba la shule. Mimi nilikwenda kula mihogo yangu kwa furaha, nikifikiri nimelinda mali ya shule.

Jumamosi ya kwanza alilima. Wenzake walifuma bila yeye, na siku hiyo hawakusoma buku. Mama mwalimu aliniambia baadaye kwamba walikaa wakiulizana kama watu wa buku zao. Mmoja alisema: "Tusiulize nani mwizi. Tuulize kwanza kama kuko wizi." Mwingine akasema sufu haina miguu, haipotei, ama iko kabatini, ama iko nje, ama iko ndani ya trikoti. Ndani ya trikoti! Hapo wote walinyamaza, na msichana mdogo wa mwaka wa pili, ambaye sikumjua hata jina, akauliza: "Donge moja lina gramu ngapi?" Wakatazama karatasi inayolifunga. Gramu 50.

Jumatatu walikwenda kwa mwalimu wa kemia, wakamwomba mizani yake. Waliweka juu yake zile trikoti tano za bluu, moja kwa moja, wakaandika. Kama ni madonge 10, jumla haiwezi kupita gramu 500. Ilikuwa 590. Mwalimu wa kemia alipima mara ya pili, juu yeye vilevile hakuamini. 590, na gramu 10 za vipande vya nyuzi vilivyokatwa tungeweza kuvikuta katika takataka. Kumbe madonge ni 12. Hakuna mtu aliyeiba kitu. Wizi wote ulikuwa umekunjwa juu ya meza, una mikono miwili na vifungo vitatu.

Walinijia jioni, mbele ya mlango wa bweni, wakiwa sita. Yule mdogo wa mwaka wa pili akasema: "Kapita, mbele ya kuandika jina la mtu, ulimuuliza kitu?" Sikuwa na jibu. Basi wakanieleza. Zile trikoti tano ziliombwa kwa watoto wa mwaka mmoja, si wachanga, kwa hiyo sufu ilipungua kabla ya kumaliza mikono. Mwenye ufunguo alitoa madonge mawili zaidi siku ya Alhamisi. Alitaka kuandika katika kaye ya kabati. Kaye haikuwako. Ilikuwa wapi? Ilikuwa kwangu mimi. Niliichukua Jumatano nikague, nikaiweka chini ya mto wangu mpaka Ijumaa. Ile "Alhamisi" niliyomkatiza ndiyo ilikuwa jibu lote.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Prefe nikamweleza yote, nikaomba neno lile jekundu lifutwe. Lilifutwa. Mbele ya wanafunzi wote, asubuhi ya bendera, nilisimama nikasema nimekosa. Lakini Jumamosi moja ya kulima haifutiki, na trikoti aliyokuwa ameianza ilimaliziwa na mwingine, kwa hiyo fungu lake la mwezi ule lilipungua. Nilitaka kumlipa kwa posho yangu. Alikataa. Alisema: "Weye kuja tu usome, siye tufume."

Ndiyo sababu mnaniona mule Jumamosi. Na kwa kusoma nimejua tatizo ambalo wengi hamlioni, nalo ni hili: yule anayesoma hafumi. Akisoma saa mbili, amepoteza saa mbili za trikoti. Wanapokezana, ni kweli, lakini wenye sauti nzuri ni wanne tu, na hao wanne ndio wanaopata fungu dogo kila mwezi. Tunawaadhibu kwa kuwa na sauti nzuri. Nimeomba wavulana wa mwaka wa tano na wa sita wajitoe kusoma. Wamejitoa wawili. Mmoja anasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa, lakini atajifunza.

Na hapa ndipo ninaleta lile ombi langu la pili. Tunaomba simu moja, au redio ndogo ya kadi, ya chumba cha mishono, kwa kusikiliza buku zilizosomwa tayari na kuwekwa katika sauti. Isiwe mkononi mwa mwanafunzi. Ikae katika kabati la Mama mwalimu, itoke saa nane na kurudi saa kumi, ichajiwe kwenye paneli ya jua ya ofisi. Sheria ya simu katika interna ninaijua, ni mimi ninayezikusanya. Siombi ivunjwe.

Kuna wanaosema buku la kusikiliza si kusoma, ni uvivu. Wajue lilianzaje. Baada ya vita ya 1914 mpaka 1918, askari wengi wa Uingereza walirudi vipofu, na wengi walikuwa watu wazima wasioweza tena kujifunza kwa urahisi kusoma kwa vidole. Mmoja wao, Ian Fraser, aliyepofuka katika vita ya Somme mwaka 1916, alifanya kazi miaka mingi ili buku ziwekwe katika sahani za santuri, kila upande dakika 25 hivi. Mwaka 1935 buku za kwanza zilitoka kwa vipofu wa Uingereza. Na mnajua moja la yale ya kwanza lilikuwa lipi? Mauaji ya Roger Ackroyd, la Agatha Christie. Watu wale wangeweza kuanza na kitu chochote duniani, wakachagua upelelezi! Lingine lilikuwa la Joseph Conrad, ambaye mwaka 1890 alipanda mto wetu Kongo katika meli, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Siku hizi, tangu mwaka 2005, kuna watu wa kujitolea katika nchi nyingi wanaosoma buku za zamani zisizo na mwenyewe tena na kuzitoa bure kwenye intaneti. Kundi lao linaitwa LibriVox. Mtu akienda mjini anaweza kujaza kadi moja na riwaya nyingi. Ni kweli kwamba nyingi ni za Kiingereza, na za Kifaransa ni chache zaidi. Hata hivyo Kifaransa kitatufaa. Sisi finalisti tunaogopa Kifaransa cha kusikia kuliko cha kuandika, na saa mbili kila juma na msomaji mwenye ulimi safi si kitu kidogo. Kiswahili je? Kwa Kiswahili tuendelee kusoma wenyewe kwa sauti. Bwana Msa sitaki nimsikie katika mashini, nataka nimsikie katika kinywa cha mtu anayekohoa na kugeuza ukurasa. Labda mimi ni mtu wa zamani.

Gharama nimeiweka katika karatasi niliyompa Bwana Prefe. Wasichana wamekubali kutoa bei ya trikoti mbili. Makapita tutatoa pesa yetu ya sikukuu ya mwisho wa mwaka, ingawa wawili bado wananuna.

Jumamosi ijayo tunaanza Kisima cha Giningi. Buku tulilo nalo halina kurasa za mwisho, zimechanika. Kama kuna mwalimu au mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna buku hilo zima, atuletee mbele ya mwisho wa mwezi, na tafadhali asituambie nani alifanya. Mimi nami nimepewa sindano. Nimefika mstari wa kumi na nne wa shali, na katika mstari wa sita kuna tundu ambalo wananiambia nifumue nirudi mpaka pale.